Kushuka na Mekong: Samaki Mbichi na Minyoo Bapa wa Utumbo

Minyoo bapa wa utumbo ni vimelea wa watu wanaoishi karibu na maji. Hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kwa viungo vidogo vya kunyonyea, hutaga mayai, na mayai hayo hutoka na choo kikubwa. Zinajulikana spishi zaidi ya 70 zinazoweza kuishi ndani ya binadamu. Nyingi kati ya hizo hazifiki hata milimita mbili kwa urefu, na mlango wao ni mmoja: kinywa. Mtu hula samaki wa maji baridi ambaye hajaiva, au hula mmea wa majini bila kuupika, na mnyoo huingia pamoja na tonge. Asia ya Mashariki na ya Kusini-Mashariki ndiko wanakopatikana kwa wingi, na katika nchi hizo bonde la mto Mekong ni mahali pazuri pa kuuelewa ugonjwa wenyewe, chakula kinachouleta na watu wanaouishi.

Mekong una urefu wa zaidi ya kilomita 4,300. Huanzia katika nyanda za juu za Tibet, hupita kusini mwa China, huwa mpaka kati ya Myanmar na Laos, kisha kati ya Laos na Thailand, halafu huikata Kambodia na kumwaga maji yake baharini kusini mwa Vietnam. Laos haina pwani. Mto ndio barabara, ndio kisima, ndio shamba la samaki, na wali wa kunata kwa samaki ndio mlo wa kila siku. Kwa mtu aliyezoea Mwanza, Kigoma au Kisumu, mengi ya kingo zake hayashangazi: mitumbwi iliyoegeshwa matopeni, wanawake wanaofua, watoto wanaopiga mbizi, nyavu zilizoanikwa, harufu ya samaki wanaokauka juani. Tofauti huanza samaki anapofika jikoni.

Luang Prabang, mji wa zamani wa wafalme wa Laos, umekaa pale mto Nam Khan unapoingia Mekong. Alfajiri watawa wa Kibudha hupita kwa mstari, wamejifunga nguo za rangi ya machungwa, na wakazi waliopiga magoti kando ya njia humtilia kila mmoja tonge la wali wa kunata katika bakuli lake. Si mbali na hapo soko la asubuhi limekwisha kuchangamka. Wauzaji wameketi juu ya mikeka, na mbele yao kuna mabeseni ya samaki walio hai, vyura waliofungwa miguu, mayai ya majimoto juu ya majani ya mgomba, na majani ya mtoni yaliyotandazwa, kukaushwa na kunyunyiziwa ufuta. Kiangazi maji yanaposhuka, kingo zilizoachwa wazi hulimwa bustani za mboga, vitunguu na maharage. Bustani hizo hudumu mpaka mto upande tena.

Maisha ya mnyoo huanzia kwenye kingo hizo hizo. Katika mito ya Laos spishi inayoongoza kwa kukaa katika utumbo wa watu ni Haplorchis taichui, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na mtafiti wa Kijapani, Nishigori, huko Taiwan. Mnyoo aliyekomaa hafiki milimita moja. Yai lake lina urefu wa takriban sehemu 25 hadi 30 za elfu za milimita, hata ikibidi kuyapanga mayai zaidi ya 30 kwa mstari ili kufikisha milimita moja. Yai likitoka na kinyesi cha mtu, paka, mbwa au ndege na kufika majini, halianguliwi papo hapo. Husubiri kumezwa na konokono.

Konokono mwenyewe anaitwa Melanoides tuberculata. Ana kombe jembamba lililochongoka, na hupenda kujichimbia katika matope ya maji ya kina kifupi. Si mgeni kwa Afrika Mashariki, kwani anapatikana pia katika Ziwa Tanganyika, Ziwa Nyasa na maji mengine mengi ya kanda hii. Ndani ya mwili wake yai huanguliwa, kiluwiluwi huzaana bila jike wala dume, na hatimaye hutoka viluwiluwi vingi vyenye mkia viitwavyo serkaria. Maisha yao majini ni mafupi. Serkaria anayempata samaki humpenya chini ya magamba, huacha mkia wake nje, kisha hujifungia katika kifuko kidogo kigumu ndani ya minofu. Hapo hutulia akisubiri kuliwa. Samaki mwenyewe haonekani mgonjwa. Macho yake yanang'aa, mwili wake ni imara, na mnunuzi sokoni hana namna ya kumtambua.

Samaki wanaobeba vifuko hivyo zaidi ni wa jamii ya karpi, jamii moja na ningu na kuyu wa Ziwa Viktoria. Wengi wao ni wadogo, wenye miiba mingi na bei nafuu, na hupatikana mtoni, katika mifereji na katika mashamba ya mpunga yaliyofurika. Msimu wa mvua, kuanzia Mei hadi Oktoba, huwakutanisha wote wanaohitajika katika mzunguko huu. Mvua huosha kinyesi kutoka vichakani hadi majini, konokono husambaa na mafuriko, na samaki hufuata maji mpaka mashambani ili kutaga mayai. Mvua zikikatika, maji hurudi nyuma na samaki hukwama katika madimbwi, ambamo hukamatwa kwa urahisi. Huo ndio wakati wa kuvuna mpunga, na ndio wakati wa kula samaki mbichi.

Kusini mwa Luang Prabang milima hupungua, na kuanzia Vientiane bonde hufunguka kuwa uwanda mpana wa mpunga. Wakati wa mavuno majirani husaidiana shamba kwa shamba, na mwenye shamba huwalisha wote. Chakula kinachotarajiwa ni koi. Vijana hushuka dimbwini na nyavu za kurusha, na samaki waliopatikana huandaliwa hapo hapo, kwenye kibanda cha shambani. Huparuliwa magamba, hutolewa matumbo, kisha hukatwakatwa kwa kisu kizito juu ya gogo mpaka miiba laini isagike pamoja na nyama. Juu yake huminywa ndimu, hutiwa pilipili ya unga, maji ya samaki waliochachuka, unga wa mchele uliokaangwa, vitunguu vya majani na nanaa. Mkono unapochanganya, nyama iliyokuwa ya waridi na yenye kuonyesha mwanga hugeuka nyeupe kana kwamba imeguswa na moto. Walaji huketi kuzunguka sahani moja, kila mmoja humega wali wa kunata kutoka katika kikapu cha mwanzi, huubonyeza kwa vidole, na kuchotea koi.

Weupe huo ndio unaodanganya. Asidi ya ndimu hugandisha protini ya nyama, lakini haikiui kifuko cha mnyoo. Pilipili haikiui, wala pombe kali ya mchele inayosindikiza sahani hiyo, ingawa katika vijiji vingi yote matatu husifiwa kuwa ni kinga. Pwani ya Afrika Mashariki ndimu huminywa juu ya samaki aliyekwisha kukaangwa au kuchomwa, na samaki wa kupaka huchomwa kwanza kabla ya kupakwa tui. Katika koi, ndimu yenyewe ndiyo inayoachiwa kazi ya moto, na kazi hiyo haiiwezi.

Vyakula vya samaki vya bonde hili havina hatari iliyo sawa. Lap ya samaki, ambayo ni nyama iliyosagwa na kuungwa, huandaliwa ikiwa mbichi au ikiwa imepikwa, kutegemea nyumba na tukio. Pa som ni samaki aliyechachushwa kwa wali, chumvi na kitunguu saumu kwa siku chache. Akiliwa mapema bila kupikwa, vifuko vyake huweza kuwa bado hai. Pa daek, kitoweo cha samaki wenye chumvi nyingi kinachokaa katika mitungi kwa miezi mingi, ni salama zaidi, kwa kuwa chumvi na muda hatimaye humuua mnyoo. Mtungi wa pa daek hukaa chini ya sakafu ya nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo, na saladi ya papai bichi isiyotiwa kitoweo hicho huonwa kuwa haijakamilika. Mok pa, samaki aliyefungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, hana hatari yoyote, kama vile samaki aliyechomwa juu ya makaa mpaka akaiva hadi mfupani.

Koi ni chakula cha baraza la wanaume zaidi kuliko cha familia. Huliwa wakati wa kuvuna, wa kujenga nyumba, wa arusi, na jioni ambapo chupa inazunguka. Watoto huonjeshwa, na kwa hiyo ladha huzoeleka mapema. Kadiri umri unavyozidi ndivyo maambukizi yanavyoongezeka, kwa kuwa kila mlo huongeza minyoo juu ya waliopo. Mgeni aliyekaribishwa kwenye sahani hiyo hukabiliwa na swali la adabu kabla ya swali la afya: kukataa koi huweza kuonekana kama kuwakataa waliomwandalia. Hapo ndipo ugumu wa kupambana na ugonjwa huu ulipo. Waathirika wengi wamekwisha kusikia kwamba samaki mbichi ana minyoo. Wanaendelea kula kwa sababu sahani ile ni ya ujirani, na madhara yake hayaonekani kesho yake asubuhi.

Madhara hutegemea idadi. Mtu mwenye minyoo wachache huweza kuishi miaka bila kuhisi chochote. Wakiwa wengi, hujipenyeza kati ya vinyweleo vya utumbo, huuwasha ukuta wake na kusababisha maumivu ya tumbo, kuharisha kunakokuja na kuondoka, gesi, uchovu na kupungua uzito. Dalili hizo hufanana na za magonjwa mengine kadhaa ya tumbo, na wengi huzipuuza. Mara chache sana mambo huwa mabaya zaidi. Nchini Ufilipino, katika miaka ya 1930, daktari Candido Africa na wenzake walikuta mayai ya minyoo wa kundi hili katika moyo wa watu waliokufa, ishara kwamba yalipenya ukuta wa utumbo na kusafiri na damu.

Kutoka karibu na Vientiane daraja la kwanza la urafiki, lililofunguliwa mwaka 1994, huvuka Mekong hadi Nong Khai, Thailand. Ng'ambo hiyo ni Isan, kanda ya kaskazini-mashariki ya Thailand, ambako wengi husema lugha iliyo ndugu wa Kilao na kula vyakula vile vile. Mandhari ni ya tambarare kavu zaidi, barabara ni pana zaidi, maduka ni mengi zaidi, lakini wali ni ule ule wa kunata na koi ni ile ile. Huku mnyoo anayetajwa na kila mtu ni mwingine: Opisthorchis viverrini, mnyoo bapa wa ini. Alielezwa kwanza na Poirier mwaka 1886 kutokana na paka mvuvi wa porini, na mwaka 1911 Leiper akaripoti kwamba yumo pia katika watu wa kaskazini mwa Thailand. Huingia kwa samaki wa jamii ile ile ya karpi, lakini hakai utumboni. Hupanda katika mirija ya nyongo na kuishi humo kwa miaka mingi. Uvimbe anaousababisha huweza kuishia kuwa saratani ya mirija hiyo. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na jimbo la Khon Kaen, katikati ya Isan, limekuwa likitajwa kwa viwango vya juu kuliko vyote duniani vya saratani hiyo.

Ukali wa mnyoo wa ini umewafunika jamaa zake wa utumbo. Samaki mmoja huweza kubeba vifuko vya wote wawili, na mtu mmoja huweza kuwa nao wote. Mayai yao yanakaribiana mno kwa ukubwa na umbo, kiasi kwamba fundi wa maabara anayeyatazama kwa hadubini ya kawaida si rahisi ayatenganishe. Kwa sababu hiyo kwa miaka mingi kila yai dogo la namna hiyo lilihesabiwa kuwa la mnyoo wa ini, na minyoo wa utumbo hawakuingia katika hesabu.

Jambo hilo lilidhihirika kusini zaidi, katika jimbo la Saravane nchini Laos. Hapo mto Xe Don hutiririka kutoka upande wa uwanda wa juu wa Bolaven, kunakolimwa kahawa, hadi unapoungana na Mekong mjini Pakse. Watafiti wa Laos na wa Korea Kusini walitumia njia ya zamani isiyo na urahisi wowote. Mgonjwa alipewa dawa ya kuua minyoo bapa, kisha akapewa chumvi ya magnesiamu ya kuharisha, na choo chake chote kikakusanywa. Choo hicho huoshwa kwa maji na kuachwa kituame, humwagwa maji ya juu, huoshwa tena, na kazi hurudiwa mpaka maji yabaki maangavu na chini pabaki mashapo. Mashapo hayo huwekwa katika sahani ya kioo chini ya hadubini, na minyoo huokotwa mmoja mmoja. Katika vijiji vya Saravane walioonekana kwa wingi walikuwa Haplorchis taichui, kwa baadhi ya watu maelfu katika tumbo moja, huku minyoo wa ini wakiwa wachache. Siku hizi vipimo vya vinasaba huweza kutenganisha mayai hayo, lakini zahanati ya kijijini hutegemea hadubini.

Tofauti hiyo ina maana yake. Mnyoo wa ini hutegemea konokono wa jenasi ya Bithynia, anayestawi zaidi katika maji ya tambarare, na kwa hiyo hutawala nyanda za chini za Mekong na Isan. Haplorchis hutegemea konokono mwingine, anayeishi pia katika vijito vya kaskazini na vya milimani. Ramani inayochanganya wote wawili huonyesha hatari ya saratani mahali ambapo ni ndogo, na huficha ugonjwa wa utumbo mahali ambapo ni mkubwa.

Dawa ya wote ni moja: prazikwanteli, iliyotengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1970. Wasomaji wa Afrika Mashariki huifahamu kwa jina la vidonge vya kichocho, ambavyo wanafunzi wa kandokando ya Ziwa Viktoria humeza shuleni baada ya kupimwa urefu kwa kijiti. Kwa minyoo wa utumbo dozi moja kwa kawaida hutosha. Vidonge vingine vinavyogawiwa mashuleni kwa ajili ya mchango na safura, kama mebendazoli, haviondoi minyoo bapa, na mtoto aliyevimeza huweza kuonekana amekwisha tibiwa hali minyoo hao bado wamo.

Chini ya Pakse mto hupanuka na kugawanyika katika jimbo la Champasak, katika eneo liitwalo Visiwa Elfu Nne. Minazi na mitende husimama juu ya nyumba za mbao, nyati hujilaza majini hadi puani, na wavuvi hutega mitego ya mianzi katika maporomoko ya Khone. Kwenye kisiwa cha Khong kuna kimelea mwingine wa jamii ya minyoo bapa, asiyehitaji samaki wala sahani. Ni Schistosoma mekongi, aliyetambuliwa kuwa spishi ya peke yake mwaka 1978, ndugu wa Schistosoma mansoni anayesababisha kichocho cha tumbo katika Ziwa Viktoria. Kama nduguye, hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya anayeoga, kufua au kuvua, na makao yake ni mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Mbwa pia humbeba. Mkazi wa visiwa hivi anayekula samaki mbichi na kuoga mtoni huweza kuwa na kichocho, mnyoo wa ini na minyoo wa utumbo kwa pamoja, na kidonge kile kile huwaondoa wote.

Mnyoo mkubwa kuliko wote wa kundi la utumbo haji na samaki. Fasciolopsis buski hufikia urefu wa sentimita 7, na hupatikana Vietnam, China, Thailand, Bangladesh na India, hasa kwenye vidimbwi vinavyopata kinyesi cha nguruwe na cha watu. Serkaria wake hujifunga juu ya mimea ya majini: mchicha wa majini, mayungiyungi, na karanga za majini zenye ganda gumu ambazo watoto humenya kwa meno. Kifuko hubaki mdomoni wakati ganda linapotemwa. Kwa mara ya kwanza alionekana mwaka 1843 mjini London, ndani ya utumbo wa baharia wa Kihindi aliyefariki, na jina lake linatokana na George Busk, daktari aliyemgundua. Katika miaka ya 1920 Claude Barlow, daktari Mmarekani aliyefanya kazi China, alieleza kwa kina mzunguko wa maisha yake, na katika utafiti huo alijiambukiza mwenyewe kwa makusudi. Minyoo hawa wakiwa wengi huvimbisha uso na tumbo la mtoto, na huweza kuziba utumbo. Kinga yake ni rahisi kuieleza: kuitumbukiza mimea hiyo katika maji yanayochemka, na kutoruhusu kinyesi cha nguruwe kuingia bwawani.

Mto wenyewe unabadilika. Mabwawa ya umeme na mifereji ya umwagiliaji yamegeuza maji yaendayo kasi kuwa maji yaliyotulia, ambayo konokono huyapenda. Bwawa la Nam Ngum, kaskazini mwa Vientiane, lilianza kuzalisha umeme mwaka 1971, na lile la Xayaburi, juu ya Mekong wenyewe, mwaka 2019. Barabara na majokofu yamefanya samaki wa bonde moja aliwe katika bonde jingine siku hiyo hiyo. Jokofu la nyumbani huhifadhi samaki, na huhifadhi mnyoo pia. Ili kumuua kwa baridi samaki lazima akae katika nyuzijoto 20 chini ya sifuri kwa siku saba, jambo ambalo vyombo vingi vya vijijini haviliwezi.

Thailand ilianza kampeni ya kitaifa dhidi ya mnyoo wa ini katika miaka ya 1980, kwa kupima choo, kugawa prazikwanteli na kuhimiza samaki aliyeiva. Utafiti wa mwaka 2009 ulikuta asilimia 8.7 ya wananchi wana maambukizi, na katika kanda ya kaskazini-mashariki asilimia 16.6, viwango vilivyo chini sana ya vile vya miaka ya mwanzo. Hata hivyo dawa peke yake ilionyesha upungufu wake. Wapo waliomeza vidonge, wakapona, wakarudi kwenye koi kwa kuwa sasa dawa ipo, na maambukizi yakarudi baada ya miezi.

Mfano uliofanya vizuri zaidi uko katika ziwa Lawa, karibu na mji wa Khon Kaen, ambako mradi wa Chuo Kikuu cha Khon Kaen ulishughulika na mzunguko wote kwa pamoja. Watu walitibiwa, na paka na mbwa pia wakatibiwa. Konokono na samaki wa ziwa walipimwa mara kwa mara. Walimu waliingiza habari za mnyoo katika masomo, na watu wa kujitolea wa afya, ambao Thailand nzima ina zaidi ya milioni moja, walipita nyumba kwa nyumba. Hawakuwadharau wapishi wala chakula chao. Walihimiza koi na lap zipitishwe motoni na viungo vibaki vile vile. Maambukizi yaliyowahi kuwapata zaidi ya nusu ya wakazi katika baadhi ya vijiji yalishuka chini ya asilimia 10. Minyoo wa utumbo hawakuwa shabaha, lakini hatua zilizomgonga mnyoo wa ini ziliwagonga na wao, kwa kuwa samaki ni wale wale, choo ni kile kile na dawa ni ile ile.

Kwa hiyo kukata mzunguko huu kunataka mambo matatu kwa wakati mmoja: samaki aive, kinyesi cha watu na cha wanyama kisifike majini, na walioambukizwa wapate prazikwanteli. Kulitimiza moja na kuyaacha mawili ni kumpa mnyoo nafasi ya kurudi msimu ujao. Msafiri anayekaribishwa kando ya Mekong anaweza kuomba bila aibu apewe sahani iliyopikwa. Wenyeji wanaipika, na ladha ya ndimu, nanaa na mchele uliokaangwa haipotei motoni. Aliyekwisha kula samaki mbichi huko, kisha akasumbuliwa na tumbo kwa wiki nyingi baada ya kurudi Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura, amweleze daktari waziwazi alikokwenda na alichokula, maana dawa ya kawaida ya minyoo haitamponya.